Ndiyo Arobaini na Moja

Mtu akilikumbuka kwa yakini jambo ambalo halikutokea kamwe, na wote wanaomzunguka wakamwitikia, kosa ni la nani? Nakiete alilibeba swali hilo kifuani tangu asubuhi ile ya Jumanne, na kila alipodhani amelishika jibu, lilimponyoka kama sabuni mkononi mwa mwogaji.

Yote yalianzia jikoni. Mama yake, ambaye kijiji kizima cha Ikongwe kilimwita Mama Eliakimu kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharage ya makande. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe; kijiwe kikitupwa huku, haragwe bovu kule, wala hakuyatazama. Nyuma ya sikio lake la kushoto, chini ya kitambaa cha kichwani, kiliwaka kidoa cha kijani kisichozidi punje ya ulezi. Hicho ndicho kilikuwa Kishikizo. Nakiete alikuwa mmoja wa wanafunzi waliokibuni katika maabara ya chuo huko Dar es Salaam, na mama yake alikuwa mgonjwa wa kwanza kukivaa nje ya jiji. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Mama Mbonea, jirani na mjane, alibisha hodi akakaribishwa. Salamu zilipita zote, za nyumbani, za mifugo na za mvua isiyotabirika, na Mama Eliakimu alizijibu moja moja bila kujikwaa. Ndipo mgeni, macho yake yakiwa kwenye ungo wa maharage, akauliza kwa sauti ya chini iwapo Alhamisi hii maji yangeweza kumfikia. Mizunguko sita ilikuwa imempita. Tangawizi yake ilikuwa imeanza kuwa ya njano.

Ikongwe ilikuwa kijiji cha milima ya Upare, na iliishi kwa ndiva, bwawa la mawe na udongo ambalo kijito hulijaza usiku kucha, kisha likafunguliwa alfajiri na maji yakateremka kwenye mifereji, shamba hadi shamba. Vipimo vilivyozamishwa humo vilituma kina cha maji kwenye simu za wanakijiji wote. Orodha ya zamu, hata hivyo, haikuwekwa katika mashine yoyote. Nakiete alipokuwa hajazaliwa, watu wasiojulikana waliingia kwa mbali katika daftari la kidijitali la mabonde matatu wakazibadili zamu, na kabla kosa halijagunduliwa, majirani walikuwa wameshikiana mapanga. Tangu hapo wazee waliamua kwamba zamu ikae katika kichwa cha mtu mmoja mwaminifu, aliyekula kiapo, aitaje hadharani wote wakimsikia. Kwa miaka ishirini na sita kichwa hicho kilikuwa cha Mama Eliakimu.

"Zamu yako uliiacha mwenyewe, Mama Mbonea," alisema sasa, kwa upole wa mtu anayemkumbusha mwenzake mwavuli aliousahau. "Siku ya kuanua matanga ya mumeo ulisimama mbele ya watu ukasema shamba la bondeni limekuchosha, maji wapewe wengine. Ulikuwa umejitanda kanga nyeusi."

Mama Mbonea aliokota haragwe lililodondoka, akalirudisha kwenye ungo.

"Sawa, Mama Eliakimu," alisema mwishowe. "Labda nimesahau mimi."

Akaaga, akaenda zake. Nakiete hakutamka neno, kwa kuwa mtu hambishii mama yake mbele ya mgeni, na tukisema kweli, hata mgeni asipokuwepo. Lakini kwenye matanga yale alikuwepo. Mama Mbonea hakusimama siku ile wala hakusema lolote mbele ya watu. Alikuwa amelala chumbani na homa, na uji aliletewa kitandani. Aliyempelekea bakuli alikuwa Nakiete.

*

Aliingia chumbani, akakifungua kishikwambi chake na kuisoma rajisi ya Kishikizo, daftari lake la ndani lililohifadhi kila uzi pamoja na sauti za walioitikia.

Ugonjwa wa Alzheimer hauibomoi nyumba kwa siku moja. Huingia kama mchwa: ukuta ungali umesimama na rangi yake, ilhali ndani kumeshaliwa. Miaka kumi au zaidi kabla ya mtu kupoteza funguo zake, protini iitwayo amiloidi huanza kugandamana nje ya seli za ubongo; na ndani ya seli, protini nyingine iitwayo tau, ambayo kazi yake ya asili ni kuziimarisha njia za kusafirishia chakula, hujisokota ikawa mafundo. Seli huacha kuzungumza na jirani zake, kisha hufa. Mapema uharibifu huigusa sehemu ndogo iliyofichika ndani, ambamo mambo ya leo hugeuzwa kuwa kumbukumbu ya kesho. Ndiyo maana mgonjwa huisimulia harusi yake ya miaka hamsini iliyopita, akashindwa kusema kama amekunywa chai. Baadaye hupotea njia ya sokoni, kisha majina ya vitu, kisha nyuso za watu, na mwishoni kabisa mwili husahau hata kumeza.

Mara nyingi adabu huchelewa kuondoka. Katika nyumba hii ilichelewa kiasi cha kuwahadaa wote. Kwa miaka miwili kabla ya uchunguzi, Mama Eliakimu alikuwa akiamkiana na watu kwa ufasaha ule ule, akiuliza habari za watoto na za safari, na hakuna aliyegundua kwamba hakumbuki amekwisha kuuliza.

Kishikizo hakikutibu lolote kati ya hayo. Kazi yake ilikuwa kushika. Kila kumbukumbu ambayo mvaaji aliitamka kiliihifadhi kama uzi. Seli zilipolegea, kikazichochea kwa mikondo midogo mno ya umeme, naye akahisi kwamba amekumbuka mwenyewe. Lakini kitajuaje uzi upi ni wa kweli? Katika maabara swali hilo liliwashinda watu kwa miezi, hadi Nakiete, aliyekuwa katika mwaka wake wa pili na mwenye imani kubwa katika wanadamu, alipoandika kanuni fupi iliyomfanya profesa wake ainuke kitini. Ukweli wa mtu, alihoji, unakaa kwa watu wake. Akiitikiwa na walio karibu, uzi ukazwe. Akikanushwa, ulegezwe.

Majaribio yalifanywa na vijana wa jiji waliojitolea, ambao walibishana kuanzia asubuhi hadi jioni, hata kuhusu rangi ya mlango waliouingilia. Kanuni ilifanya kazi bila dosari.

Sasa aliutafuta uzi wa matanga, akauona. Ulizaliwa miezi kumi na minne iliyopita, mezani, siku ya Jumapili. Siku hiyo Mama alikuwa akimzungumzia mjane mwingine, aliyehamia Handeni zamani na ambaye kweli aliiacha zamu yake mbele ya watu. Katikati ya sentensi jina la yule likateleza, likaja la Mama Mbonea. Eliakimu, kaka yake Nakiete, akajibu, "Ndiyo, Mama." Uzi ukakazwa. Wiki iliyofuata Mzee Senzighe, mwenyekiti wa ndiva, akajibu, "Naam, Mama Eliakimu." Ukakazwa tena. Kanga nyeusi iliongezeka katika mwitikio wa tisa; miezi baadaye uzi ukafika hadi ndivani, na zamu ya bondeni ikaacha kutajwa. Rajisi ilihesabu miitikio arobaini na mmoja na kanusho sifuri, na mwitikio wa mwisho ulikuwa wa asubuhi hiyo hiyo, kwa sauti ya Mama Mbonea mwenyewe.

Nakiete aliisikiliza yote, mmoja mmoja. Wa kumi na saba ulikuja kwa njia ya simu, wenye kelele za bweni nyuma yake, na ilimchukua muda kuitambua sauti ya msichana aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani, akisikiliza kwa nusu sikio.

"Ndiyo, Mama. Nakumbuka."

*

Eliakimu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa mzaha hata msibani. Alipoelezwa, alikuna kidevu akasema kwamba kama heshima ingekuwa dhambi, Wapare wote wangekuwa motoni kabla ya saa sita. Kisha mzaha ukamwisha. Alikuwa akijua tangu mwanzo kwamba Mama amekosea, kama walivyojua wengine. Kila mmoja alidhani ni neno dogo, litapita, na aibu ya kumsahihisha mtu mzima ni kubwa kuliko hasara ya neno.

Alikuwa na pendekezo. Watu wakusanywe, waanze kumwambia Mama kwamba Mama Mbonea ameiomba zamu yake upya na yeye, Mama, amekubali. Wote waitikie. Baada ya mwezi uzi mpya utaushinda ule wa zamani, maji yatafika bondeni, na Mama atabaki na kiti chake na jina lake.

"Tulimpoteza kwa heshima, tutamrudisha kwa heshima," alisema. "Nani ataumia?"

Nakiete alitamani sana kukubali, na kutamani huko ndiko kulikomtisha. Alimpigia Profesa Lwitiko, yule wa maabara, mwanamke wa maneno machache, ambaye aliisoma rajisi yote akiwa hewani. Profesa alimweleza kwamba uzi wa matanga haukuwa peke yake. Nyuzi mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zimekazwa kwa njia hiyo hiyo, kwa ndiyo tupu, na nyingi zilikuwa zimesokotana. Hakuna chombo ambacho kingeweza kuutenga uzi uliojengwa juu ya tukio na ule uliojengwa juu ya adabu. Huenda zamu kumi nyingine zilikuwa zimepotoka pasipo mtu kulalamika. Kisha alimtumia picha za ubongo zilizochukuliwa mwezi uliotangulia. Chini ya nyuzi, ugonjwa haukuwa umesimama hata siku moja. Mama Eliakimu aliyekuwa akichambua maharage jikoni alikuwa, kwa kipimo cha seli zake mwenyewe, katika hatua ambayo wengi hawawatambui tena watoto wao.

Kwa hiyo mizani ilikuwa wazi, nayo ilikuwa ya kikatili. Kishikizo kikibaki, mama angeendelea kuwa mtu mzima mwenye neno lake, akitawala maji ya watu kwa kumbukumbu ambazo hakuna aliyejua zilitoka wapi. Kikizimwa, yote ambayo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuyachukua yangeondoka pamoja, ndani ya siku chache, na hakuna ambalo lingeweza kurudishwa.

*

Jumatano saa tatu asubuhi walikuwa pamoja kwenye migomba nyuma ya nyumba, Mama akipalilia, Nakiete akikusanya magugu. Mama aliirudia hadithi ya matanga. Safari hii Mama Mbonea alikuwa amelia pia.

"Hapana, Mama," alisema Nakiete.

Jembe lilisimama hewani.

"Umesemaje?"

Nakiete alilirudia. Alimweleza habari za homa, za uji, za bakuli lenye ua jekundu, na jinsi Kishikizo kinavyokaza kila kinachoitikiwa. Aliyasema upesi, kama mtoto anayekiri kuvunja chungu. Nyuma ya sikio la mama yake kidoa cha kijani kiligeuka manjano; kwa miaka mitatu hakikuwahi kukutana na neno hilo.

"Nilikupeleka shule ukasome bongo za watu," Mama alisema taratibu, "sasa umerudi kuukagua wa kwangu." Pembe ya mdomo wake ilicheka kidogo, kisha ikaacha. Aliketi chini, juu ya majani makavu, akauliza ni wangapi wanaojua. Nakiete akamjibu kwamba ni wote. Akauliza iwapo wote hao humwambia ndiyo. Nakiete akamjibu kwamba hata yeye.

Mama aliifuta mikono yake kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Tangu lini nimekuwa mtoto wa kubembelezwa? Nilikula kiapo pale ndivani, Nakiete. Sikuapa kwamba nitakuwa na raha. Kiondoe."

Nakiete hakuchukua neno hilo na kukimbia nalo. Alimweleza yatakayofuata, bila kuyapunguza, kama alivyofundishwa kumweleza mgonjwa. Mama alisikiliza akichezea jani. Aliuliza kama atasahau kula. Akaambiwa, si mara moja. Aliuliza kama atasahau sala. Akaambiwa kwamba mambo ambayo mtu alijifunza utotoni hukawia kuondoka, huenda zikabaki. Aliuliza kama atakuwa mkali kwa watu. Nakiete alisema hajui.

"Basi ndiyo hivyo," alisema Mama, akainuka, akaendelea kupalilia.

Saa nane mchana kidoa kilikuwa cha kijani tena; hapana moja haikutosha kuzishinda ndiyo arobaini na moja. Mama alikuwa barazani akimlalamikia Eliakimu kwamba Mama Mbonea amekuwa mtu wa tamaa, anadai maji aliyoyakataa mbele za watu. Nakiete alimuuliza kama anayakumbuka waliyozungumza kwenye migomba. Hakuyakumbuka. Akamuuliza, kwa uangalifu, kama angependa kifungo kile kiondolewe. Mama aliupeleka mkono nyuma ya sikio, akakifunika kama mtu anayeilinda hereni yake sokoni.

"Hiki? Hapana, mwanangu. Hiki ndicho kinachonipa usingizi."

Eliakimu alimfuata dada yake hadi kwenye zizi la mbuzi, wakasimama huko bila kutazamana.

"Sasa utamtii yupi?" aliuliza. "Mama wa saa tatu, au Mama wa saa nane?"

Hakumuuliza kwa kejeli, na hilo lilifanya swali kuwa zito zaidi. Nakiete alijaribu kujibu kwa hoja: kwamba wa saa tatu aliujua ukweli alipoamua, na wa saa nane hakuujua. Lakini hata alipokuwa akiisema hoja hiyo, alijishuku. Mama wa saa tatu alikuwa amesema maneno ambayo yeye, Nakiete, angependa kuyasema siku yake ikifika. Je, alikuwa akimtii mama yake, au alikuwa amemchagua mama anayefanana naye? Wa saa nane naye alikuwa na mwili, na hofu, na usingizi wa kupoteza.

Alishuka bondeni kwa Mama Mbonea kumwomba radhi. Alimkuta ameinama kwenye tuta, akiipandishia miche udongo mkavu. Mama Mbonea hakutaka kuombwa radhi. Alisimulia jinsi alivyofika Ikongwe akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, mgeni wa mila na wa baridi, na jinsi Mama Eliakimu alivyomfundisha kufuata mfereji, kuziba kwa nyasi na kufungua kwa kisigino. Angembishiaje mtu kama huyo?

"Tangawizi hupandwa tena," alisema. "Mama yako hapandwi."

Nakiete aling'oa shina moja. Mzizi ulikuwa mwembamba, wenye nyuzinyuzi, usio na harufu. Aliushika njia nzima ya kupanda mlima, na kadiri alivyopanda ndivyo alivyoelewa kwamba wema wa mwanamke yule ulikuwa ndiyo nyingine tena, ya arobaini na mbili, na kwamba hakuna mtu Ikongwe ambaye angemtoa mama yake katika wavu huo, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameushika kwa upendo. Kanuni ilikuwa yake. Alikuwa ameiandika akidhani watu wanaopendana huambiana kweli.

*

Alhamisi, jua lilipokuwa likitoka, watu wapatao arobaini walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa ndiva, majembe mabegani, pumzi zao zikionekana katika baridi. Mzee Senzighe alimpa Mama Eliakimu mti wa kufungulia mlango wa maji. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akanyoosha mgongo, akaanza kuzitaja zamu kwa sauti isiyo na shaka. Shamba la kwanza la kanisa. La pili la akina Mrutu. La tatu, ambalo kwa haki lilikuwa la bondeni kwa Mama Mbonea, alilitaja kuwa la jirani wa mjane huyo.

"Naam," watu waliitikia, kama kawaida yao.

"Hapana, Mama," alisema Nakiete.

Hakuipaza sauti, lakini ukimya ulioangukia ukingo ule ulifanya maji yasikike yakipenya kwenye mawe. Mtu mmoja aliguna. Mwingine alimwambia mwenzake kwamba chuo hakifundishi adabu siku hizi. Mama Eliakimu aligeuka, na usoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na kitu kigumu zaidi kukitazama.

"Nakiete. Unaniaibisha mbele ya watu."

"Ndiyo, Mama," alisema, na machozi yakamtoka, lakini hakuinamisha uso. Alisogea akasimama kando yake, bega kwa bega, akawageukia wengine. Eliakimu alikuwa nyuma ya umati. Alivua kofia yake, akaja akasimama upande wa pili wa Mama.

"Wazee wangu, mama zangu, shikamooni," Nakiete alisema. "Mama yangu ni mgonjwa, na ugonjwa umefika mbali kuliko tulivyowaambia. Kifungo alichovaa hakikumponya. Kanuni yake niliiandika mimi, na niliikosea: kinashika kila mnachokiitikia, kiwe kweli au kisiwe kweli. Mama Mbonea hakuiacha zamu yake kamwe, nanyi mnajua. Naomba maji ya leo yaende kwake, na kuanzia leo msizifuate zamu kwa neno la mama yangu. Kaeni mzihakiki upya, mkibishana mpaka mwafikiane. Jana asubuhi, alipoambiwa kweli, aliniagiza nikiondoe kifungo. Jana mchana, alipokuwa ameisahau, alinikataza. Nimeamua kumtii wa asubuhi. Sina hakika kwamba nimeamua sawa, na lawama yake ni yangu, si ya kaka yangu wala ya mtu mwingine. Jumamosi profesa wangu atafika, nasi tutakizima. Baada ya hapo huenda asimjue yeyote kati yenu, nami nikiwemo. Msiache kuja kwa ajili hiyo. Mkija, mtajieni majina yenu kwanza, na akikosea mwambieni kwa upole kwamba amekosea. Mimi sirudi chuoni mwaka huu. Nitakaa naye."